Lugha Iliyobaki kwa Mama Given

Haya, kitendawili: nyumba moja, kitanda kimoja, watu wawili wamelala humo miaka ishirini na tisa, na leo mmoja akiomba kitu mwenzake hajui ameombwa nini. Umeshindwa? Usihangaike kunipa mji. Kaa hapo, jibu lake ni refu kidogo.

Mathayo alikuwa amesimama kando ya kitanda namba kumi na moja, wodi ya wanawake, kikombe cha uji mkononi. Bernadetha, mkewe, alikuwa amegeukia ukutani. Upande wa kulia wa mdomo wake ulilegea tangu siku ile alipoanguka jikoni, wiki tatu nyuma, na mkono wa kulia ulilala tu juu ya shuka, hauna habari na mtu.

"Mringa," alisema Bernadetha.

"Uji huu hapa, Mama Given. Nimeutia maziwa."

"Mringa!"

Akamletea chupa ya chai, akaisukuma kwa mkono wa kushoto. Akamfunika shuka, akalitupa. Akamwinulia mto, na machozi yakaanza kumtoka mama wa watu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanatazama. Ndipo mfagiaji aliyekuwa anapitisha dekio chini ya kitanda akainua kichwa.

"Mzee, anakuomba maji. Maji ya kunywa tu."

"Ahaa. Asante, dada."

"Kwani wewe ni nani wake?"

"Mimi ni mumewe."

Mfagiaji akautazama ule uji, akamtazama Mathayo kutoka kofia mpaka buti, halafu akaendelea kupiga deki. 

Mathayo alikuwa mtu wa Singida. Alikuja Moshi kijana kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akaendesha pampu za maji mpaka alipostaafu mwaka juzi. Bernadetha ni wa Marangu, juu huko kwenye kahawa na migomba. Maisha yao yote waliongea Kiswahili. Kwa Kiswahili walitongozana, waligombana na kumlea binti yao Given. Sasa kiharusi kilikuwa kimemwondolea Bernadetha Kiswahili chake. Ukimwambia jambo fupi alilifahamu kidogo, ila la kujibu lilikataa kutoka. Kilichotoka ni Kichagga cha kwao, na Mathayo hakuwa akijua Kichagga hata cha kuombea maji.

*

"Shikamoo, baba," alisema daktari. Alikuwa binti mdogo aitwaye Aikande, ana kalamu sikioni na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu Pasaka.

"Marahaba, daktari. Niambie ukweli. Mke wangu amerukwa na akili?"

"Hapana. Njoo nikuchoree."

Akageuza fomu iliyokwisha kazi, akachora vitu kama vichaka vyenye mizizi.

"Kichwani kuna seli nyingi kuliko miwa yote uliyowahi kuimwagilia. Kila seli ina matawi yake. Tawi la hii haligusi tawi la ile, pana upenyo mwembamba katikati, na hapo ndipo zinapopashana habari. Mtoto akijifunza neno, seli kadhaa zinaanza kuitana. Zikiitana mara nyingi, zinazoeana. Kuzoeana huko ndiko kumbukumbu. Hakuna sanduku lililofungiwa neno 'maji' peke yake."

"Ni kama wafanyakazi wa zamu moja," alisema Mathayo. "Mmoja akiinua mkono, mwenzake anajua afungue valvu ipi."

"Hapo hapo, baba. Sasa kwa mama, mshipa wa damu umeziba upande huu wa kushoto. Seli za hapo zimekosa damu, zimekufa. Zilizokufa hazifufuki. Lakini za jirani zinaweza kufundishwa sehemu ya kazi yao."

"Kwa hiyo Kiswahili kilikaa upande uliokufa, na Kichagga upande mzima."

"Ingekuwa rahisi hivyo ningefurahi. Lugha zote mbili zinapita sehemu karibu zile zile. Wagonjwa wengine wanarudiwa na zote, wengine na ile waliyoitumia zaidi, wengine na ile waliyonyonyea. Kwa nini mama amebaki na hii, kwa kweli sijui. Ninachojua, hiyo iliyobaki ndiyo pa kuanzia. Aongeleshwe, ajibu, akosee, ajibu tena. Kila siku, na hasa miezi hii ya mwanzo. Akikaa kimya, hata hiyo itafifia." Akachukua kalamu aandike. "Nyumbani nani anaongea naye Kichagga?"

Mathayo akatazama buti zake.

"Watu wapo," akasema.

*

Watu hao walikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa ng'ambo ya ua: Veronika, muuza ndizi, mzaliwa wa Mwika. Kichagga cha Mwika na cha Marangu vinapishana hapa na pale, lakini wanasikilizana. Tangu Bernadetha alipotolewa hospitali, Mathayo akawa mtu wa kuegemea ua na kuita.

"Veronika! Samahani, njoo kidogo!"

Veronika anakuja, mikono ina utomvu wa ndizi, anainama kwenye kitanda, wanaongea. Halafu anageuka.

"Anasema mto uko juu mno."

Baada ya saa moja, tena. "Anasema dirisha lifungwe, majivu ya miwa inayochomwa yanaingia." Tena. "Anasema uji wako una mabonge." Siku ya pili Veronika alichelewa kugeuka, na alipogeuka alisema kwa sauti ya chini.

"Baba Given, nguo yake ya ndani imelowa tangu alfajiri. Anaona aibu kukuonyesha kwa ishara."

"Aibu? Kwangu mimi?"

"Mimi natafsiri tu. Situngi."

Siku hiyo hiyo Given alipiga simu kutoka Babati anakofundisha. Mathayo akaweka sauti ya nje, akamsogezea mkewe simu. Bernadetha akaongea kwa dakika nzima, haraka, uso umechangamka, mpaka mate yakamtoka upande uliolegea. Kisha akanyamaza, akisubiri jibu.

"Mama," alisema Given. "Mama, sikuelewi. Baba, amesemaje? Baba? Hivi kwa nini hamkunifundisha?"

Mathayo akasema mtandao unasumbua, akakata.

*

Jumatatu alikuja Remigius, kaka yake Bernadetha, na mkungu wa ndizi begani. Akavuta kiti karibu na kitanda. Nusu saa nzima Mathayo, akiwa mlangoni, alisikiliza kaka na dada wakiongea, na ghafla akasikia kitu ambacho hakukisikia tangu kiharusi: mkewe anacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa nusu, lakini kilikuwa chake.

Alipotoka uani na Mathayo, Remigius hakuzungusha maneno.

"Shemeji, Jumamosi tunamchukua. Tumeshaongea na Shangazi Hilda. Atakaa nyumba ya marehemu mama."

"Kumchukua kumpeleka wapi? Hapa ni kwake."

"Hapa ataongea na nani? Na wewe?"

"Nitajifunza."

Remigius akacheka, kisha akaacha.

"Miaka ishirini na tisa hukujifunza. Siyo tu hukujifunza, ulikataza. Ulisema: ndani ya nyumba hii Kichagga hapana. Nilikuwepo, shemeji, nilikuwa nimekaa na soda yako mkononi. Na dada yangu akatii. Sisi tukija anatujibu Kiswahili, ndugu zake wa tumbo moja, kama tumekuja kusoma mita ya umeme."

"Mlikuwa mnanicheka," alisema Mathayo. "Mnaongea, mnanitazama, mnacheka. Nyumbani kwangu mwenyewe."

"Tulikuwa tunamcheka katekista aliyeanguka mtaroni na kanzu yake. Ulipotutazama ndipo tulipokutazama."

Miaka ishirini na tisa Mathayo alikuwa ameibeba hasira ile, na kumbe kicheko kilikuwa cha katekista.

Alijua Jumamosi maana yake nini. Mgonjwa akipanda kwao, kushuka ni majaliwa. Yeye atakuwa anakwenda kumsalimia Jumapili, anakaribishwa kiti cha wageni, anashukuriwa kwa kilo mbili za sukari, halafu anashuka peke yake. Kaka na dada wataongea mbele yake, naye atatabasamu pale wanapotabasamu.

"Basi lijadiliwe kwenye kikao," akasema. "Sitaacha mke wangu achukuliwe mlangoni kama mzigo."

"Kikao utakipata," alisema Remigius.

*

Zilibaki siku nne. Jioni ile Mathayo alimfuata Veronika jikoni kwake.

"Nifundishe maneno kumi kila siku."

"Eh! Baba Given, na wewe!" Veronika akafuta mikono. "Haya, kaa. Ila ukikosea nitacheka, nakuambia mapema. Siwezi kujizuia."

Alicheka kweli. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mathayo aliandika maneno kumi nyuma ya risiti ya dawa, akayasoma mpaka akalala. Alipoamka, sita yalikuwa yamekwenda. Siku ya pili akaongeza kumi, akaamka na matano kwa jumla. Akajiona kama mtu anayejaza pipa lililotoboka, na miaka yake sitini na minne.

Alhamisi alipompeleka Bernadetha mazoezini hospitali, alimvizia Aikande kwenye korido.

"Daktari, seli zangu mimi bado zinafanya kazi?"

"Kwa nini, baba?"

Akamwonyesha risiti. Aikande akaisoma kimyakimya, na uso wake ukalegea kidogo.

"Zinafanya kazi. Ila kwa umri wako zinataka subira. Hii karatasi unaisomaje?"

"Naitazama mpaka macho yaume."

"Hilo ndilo kosa. Ukiitazama, unaona unajua, kumbe macho ndiyo yanayojua. Funika. Litafute neno mwenyewe kichwani, hata likichelewa, hata ukikosea. Kule kuhangaika kulitafuta ndiko kunakolikaza. Halafu lala. Usingizini ubongo unarudia kazi za mchana. Na usitake kumi. Chukua matatu, uyatumie na mama."

Usiku huo alichukua matatu. Asubuhi akakaa kitandani, akafumba macho, akalitafuta la kwanza kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. Likaja. Akamwambia Bernadetha asubuhi njema kwa lugha ya kwao.

Bernadetha akamkodolea macho. Kisha akalisahihisha lile neno. Mathayo akarudia. Akalisahihisha tena. Mara ya tano akafumba macho, amechoka. Mathayo naye alikuwa amechoka, jasho limemjaa shingoni, na saa haijafika hata mbili. Mpaka Ijumaa jioni alikuwa na maneno kumi na moja. Hayo ndiyo aliyopanda nayo Marangu.

*

Kikao kilikaa uani kwa marehemu mama, kati ya migomba, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa. Walikuwepo wazee watano, na Shangazi Hilda aliyepita miaka themanini, amejifunga vitenge viwili na sweta. Kata ya mbege, pombe yao ya ndizi, ilizunguka. Bernadetha alikalishwa kwenye kiti chenye mito. Waliongea Kichagga, na kila baada ya muda Remigius alimgeukia Mathayo na kufupisha. Dakika kumi za mabishano zikawa: "Wanasema tu habari za ugonjwa."

Mzee mmoja, Thadeus, akainua karatasi ya hospitali, akasema kwa Kiswahili ili mkwe asikie:

"Hapa wameandika siku ya kwanza: mgonjwa hajielewi. Kwa hiyo hatuna haja ya kumuuliza. Tuamue sisi."

"Walimuuliza kwa lugha gani?" alisema Shangazi Hilda.

"Kwa Kiswahili, nadhani."

"Nadhani na mimi." Bibi akasogeza kiti chake, akamwinamia Bernadetha, akamtupia maneno machache kwa Kichagga, yana mdundo. Watu wakatulia. Bernadetha akakunja uso. Midomo ikatafuta, ikatafuta. Kisha akajibu neno moja, na uwanja mzima ukapiga kelele za furaha, hata Thadeus.

"Nimemtegea kitendawili," bibi alimwambia Mathayo. "Wanangu wakivaa kijani nawaacha wacheze, wakivaa nyekundu nawavua nguo. Amejibu: kahawa. Sasa nani hajielewi? Mimi namuuliza anataka nini."

Akamuuliza. Bernadetha akaongea. Alikwama, akarudi nyuma, akapiga paja kwa mkono mzima, akaendelea. Katikati watu walicheka. Mwishoni hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemtazama Mathayo.

"Amesema nini?"

"Amesema mengi, shemeji," alisema Remigius, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole.

"Nataka yote. Shangazi, tafadhali."

Bibi akashusha pumzi.

"Anasema kule chini amechoka kuwa bubu. Anasema Veronika anajua haja zake zote, na yeye amebaki hana siri. Anataka kukaa hapa, penye watu wa kumjibu. Anasema uji wako una mabonge. Hapo ndipo tulipocheka. Halafu anasema amekuona unavyohangaika na karatasi yako, na anakuonea huruma. Lakini huruma haimjibu mtu."

Mathayo alikuwa amejiandaa kupambana na Remigius. Alikuwa ameandaa maneno ya ndoa ya kanisani, ya cheti, ya haki ya mume. Hayo yote yakamfia mdomoni, maana aliyemkataa hakuwa Remigius. Alipokezwa kata ya mbege, akaishika bila kunywa.

"Muulize," akasema, "kama nikija na mimi."

"Kuja lini?" aliuliza bibi.

"Kuja kukaa."

Mwanamume kuhamia ukweni, kulala kwenye nyumba ya mama mkwe, kula cha shemeji! Thadeus akakohoa. Mtu akacheka puani.

"Utafanya kazi gani huku?" aliuliza Remigius. "Pampu hatuna."

"Nitakata majani ya ng'ombe."

"Shemeji, fikiri. Watu watakusema."

"Waseme. Si nitakuwa siwaelewi?"

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa kikubwa kuliko cha uji. Shangazi Hilda alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamtafsiria Bernadetha. Bernadetha hakucheka. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu: ile kofia, zile buti, ile kata ya mbege mkononi. Kisha akasema jambo fupi.

"Anasema ulete blanketi lako," alisema bibi. "Huku kuna baridi."

*

Mathayo alileta blanketi, na wiki ya kwanza akajuta. Aliamka kabla ya jua, akapewa panga na kamba, akashuka bondeni na kupanda na mzigo wa majani kichwani, magoti yanalia. Vijana waliompita walimsalimia shikamoo, halafu wakaongea Kichagga mgongoni mwake. Mezani alihudumiwa wa mwisho, siyo kwa ubaya, bali kwa kuwa hakujua kuomba. Watoto wa Remigius walimfanyia mtihani kila jioni, wakihesabu makosa yake kwa vidole. Mdogo kabisa alimwita mwanafunzi, na hakuna mkubwa aliyemkemea.

Bernadetha naye alikuwa na siku zake. Siku nyingine aliongea tangu chai mpaka giza. Siku nyingine maneno yalikataa, akatupa kikombe. Mkono wa kulia haukurudi. Kiswahili hakikurudi. Mathayo alijifunza matatu, akasahau mawili, akajifunza tena yale yale.

Wiki ya tano, siku ya Jumatano, nyumba nzima ilikwenda mazishini na kuwaacha wawili hao peke yao. Tangu wapande huko hawakuwahi kubaki hivyo, pasipo mtu wa kuwasemea. Bernadetha alikuwa barazani kwenye kiti chake. Mathayo alikuwa upande wa pili wa nyumba, anapasua mgomba wa kulisha ng'ombe, mawazo yako Singida.

Akasikia sauti ya mkewe. Ilikuja ndefu na ya haraka, si ile ya kumsemea mwanafunzi. Alisema vile alivyosema na ndugu zake, bila kumpunguzia kitu. Mathayo akasimama na panga. Katika maneno yote yale alidaka moja tu: umbe. Ng'ombe.

Akakimbia bandani. Kamba ilikuwa chini, imekatika, na ng'ombe hayupo. Akamkuta kwenye maharage ya Thadeus, amezamisha kichwa, anatafuna kwa starehe. Kumtoa ilikuwa vita. Alimvuta, akaburutwa, akaanguka kifudifudi kwenye tope, akaamka, akamshika pua. Alipomrudisha na kumfunga kwa kamba mpya, pumzi zilikuwa zimemwishia na suruali ilikuwa imechanika gotini.

Akarudi barazani, akajibwaga sakafuni karibu na miguu ya mkewe. Bernadetha akaangalia tope, akaangalia goti, na nusu ya uso wake iliyo nzima ikaanza kucheka. Akasema jambo jingine, refu kama lile la kwanza. Hilo Mathayo hakuelewa hata neno.

Zamani angegeuza shingo kutafuta wa kumuuliza. Alikuwa amechoka mno hata kugeuza shingo. Akamwomba, kwa Kichagga, kwa matamshi mabaya, arudie.

Bernadetha akarudia. Mathayo akatikisa kichwa. Akarudia tena, polepole, akimwonyesha goti kwa mkono wa kushoto. Safari hii Mathayo akadaka neno moja, akalirudia, na Bernadetha akalisahihisha.